Sekunde Nne za Baba

Kabazana, Nakivale
14 Januari 2024

Mdogo wangu Ngoga,

Bwana asifiwe. Sisi tuko. Naomba barua hii ikukute una nguvu za kubeba hayo mawe ya watu. Maharage ya msimu huu yaliozea shambani kwa mvua, tumevuna debe moja na nusu. Mgao wa wakimbizi nao umekatwa tena, kwa kuwa sasa tumeandikwa katika kundi la wanaojiweza. Mama alipoambiwa alicheka, akasema, "Yaani nimezeeka ndipo nikawa tajiri." Chantal wangu amepona malaria. Jirani yetu Godeberthe anakusalimu na bado anauliza kama umeoa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua Mama: simu ikilia anataka sauti iwe kubwa asikie kila neno, na jambo hili nilitaka tuliseme wawili kwanza. Ni macho yake. La kushoto limekwisha. La kulia muuguzi anasema linafuata, pengine kabla ya mavuno ya mwezi wa saba. Si mtoto wa jicho, ambaye watu wanatolewa. Ni presha ya ndani ya jicho, na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Mama hakulia. Siku ya tatu akaniambia, "Nitolee ile filamu ya misionari."

Unaijua, ingawa hujawahi kuifungua. Ni kile kigurudumu kilicho ndani ya chombo cha maziwa, chini ya kitanda chake. Misionari alipiga sinema siku kanisa letu kule milimani lilipoezekwa mabati. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Ilionyeshwa mara moja tu kanisani, juu ya shuka, na misionari alipoondoka akampa Baba kama zawadi, bila mashine ya kuionyeshea. Siku nyumba ilipochomwa Mama alitoka na wewe tumboni, mimi nimeshikwa mkono, na chombo hicho kwa sababu ndicho alichokuwa amekishika. Picha nyingine zote ziliungua. Miezi minne baadaye ukazaliwa, na Baba alikuwa tayari ardhini.

Mama anataka kumwona akitembea. Picha ya kusimama haitaki. Anasema amwone mara moja anatembea, kisha macho yaende yakitaka.

Wewe uko mjini. Uliza watu.

Dada yako,
Kantengwa


Biharwe, Mbarara
11 Februari 2024

Dada Kantengwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa Chantal. Mwambie Godeberthe sijaoa, na kama ana binti anayependa harufu ya saruji amlete. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Tunajenga ghorofa nne hapa kando ya barabara ya Masaka, na zege linapanda kwa ngazi juu ya mabega yetu, karai kwa karai. Jioni nikikaa chini, kuinuka ni kazi nyingine.

Barua yako niliisoma mara tatu. Nikaenda kwa wapiga picha wa mjini. Wa kwanza alisema nilete flashi. Wa pili alidhani nataka kufanyiwa kadi za harusi. Wa tatu alikuwa mzee kidogo, akasema vitu hivyo hupelekwa Ulaya, akaniangalia viatu.

Lakini wiki iliyopita tulipelekwa Kamukuzi kubomoa nyumba ya zamani. Stoo ilijaa takataka, na msimamizi wetu Déo akasema mwenye nyumba ameamuru vyote vitupwe. Chini ya magodoro nikakuta mashine ya chuma, nzito, ina lenzi mbele na mikono miwili ya kushikia magurudumu. Niliiweka katika mfuko wa saruji, nikaibeba begani mpaka kwa Kizito, fundi wa redio karibu na soko. Yeye ni Mnyankole wa hapa hapa, Kiswahili chake ni cha jeshini, lakini mikono yake ina akili.

"Ssebo," yaani bwana, akaniambia, "hii ni mashine ya sinema. Film ndogo kabisa. Wewe iko nayo?"

"Iko Nakivale, ndani ya chombo cha maziwa."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Wakongo! Ng'ombe yenu ilikuwa nakamuliwa sinema?"

Mikanda ya ndani imekwisha, atakata mingine kwa mpira wa baiskeli. Ameniambia kazi yenyewe naweza kuifanya chumbani kwangu: filamu inapita mbele ya taa, picha inatoka juu ya karatasi nyeupe, nami naiweka simu kando yake inapiga video. Ila taa ile ya zamani ameikataza. "Hii taa ni moto," anasema. "Film ikisimama mbele yake, inakula. Weka taa ya pikipiki, ile baridi."

Basi itume. Nami nitasema wazi, si kwa ajili ya Mama peke yake. Nina miaka ishirini na sita na sijui uso wa baba yangu. Watu wazima wakinitazama wanasema nimefanana naye, nami nanyoa ndevu mbele ya kioo nikitafuta ni wapi. Niandikie alikuwaje, nimtambue nikimwona.

Mdogo wako,
Ngoga


Kabazana
17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Amani ya Bwana. Mvua imerudi, tumepanda mahindi. Paa linavuja upande wa Mama, tumehamisha kitanda. Pasta amefiwa na mkwewe. Mama anakula vizuri, anasema mwanga bado upo kama wa kupitia kwenye kitambaa.

Unauliza Baba alikuwaje. Alikuwa mrefu, na koti moja la kahawia, la Jumapili na la kuchungia. Kucheka alicheka mara chache, lakini akicheka uliona pengo: jino la juu la mbele lilitolewa na teke la ng'ombe kabla hajamwoa Mama. Alipiga mluzi kupitia pengo hilo, na ng'ombe walikuwa hawaitiki mluzi wa mtu mwingine. Mdogo wake, Cyiza, ambaye naye alikufa katika safari ile ya kukimbia, walifanana kama maharage ya ganda moja. Wageni waliwachanganya kila siku, mpaka mmoja acheke. Kwa jino hilo ndivyo tulivyowatofautisha. Basi ukiona pengo, huyo ndiye baba yako.

Filamu anakuletea Venuste, yule anayepeleka samaki wa ziwani Mbarara kila Ijumaa. Nilipofungua chombo ilikuwa na harufu kali ya kuchacha, lakini nimeishughulikia, sasa ni safi. Hata hivyo Venuste aliinusa, akasema, "Mama Chantal, muko munatuma maziwa ya kuharibika ku Mbarara? Kule maziwa ni mingi kuliko maji!" Nikamwambia abebe samaki zake na anyamaze.

Mama ameishika kwanza kabla haijaondoka. Alikaa nayo mapajani asubuhi nzima.

Kantengwa


Biharwe
14 Aprili 2024

Dada,

Bwana asifiwe. Nimepokea salamu, nimepokea filamu, na samaki mmoja ambaye Venuste alisema ni wa njiani. Pole kwa paa. Huku mwenzetu mmoja aliteleza kwenye ngazi akavunjika mkono, na kesho yake mwingine alikuwa amesimama mahali pake.

Dada, filamu hii mliifanya nini? Nakuuliza vizuri, bila hasira. Inanuka moshi, na si moshi wa jikoni: ni ule wa majani ya Mama ya kufukizia vyombo vya maziwa. Nilipoifungua chumba kizima kilinukia kama asubuhi ya kukamua. Na imejikunja kwa upana wake kama ganda la maharage lililokaa juani. Nilimpelekea Kizito, akaigusa kwa ukucha.

"Nani amechoma hii?"

"Haijachomwa."

"Ssebo, mimi napika nyama miaka mingi. Hii imeiva."

Anasema filamu ya zamani huchacha yenyewe, inaanza kunuka siki, na huo ndio ugonjwa wake. Moto unauharakisha. Imesinyaa. Vitundu vya pembeni, ambavyo meno ya mashine huingia, havilingani tena na meno. Ana wasiwasi itakatika.

Mashine yenyewe inafanya kazi. Nimeziba dirisha langu kwa gunia mchana wa Jumapili na kubandika karatasi ukutani. Nilijaribu kipande cha mwanzo kwa taa ya pikipiki. Niliona kitu kama vivuli vinakimbizana, na simu haikuona kitu kabisa, giza tupu. Taa hiyo haina nguvu. Nitafikiri.

Jibu kuhusu moshi.

Ngoga


Kabazana
5 Mei 2024

Mdogo wangu Ngoga,

Salamu katika jina la Bwana. Mahindi yamefika magotini. Chantal amerudishwa kutoka shule kwa sababu ya sare, nimemshonea nyingine kutoka kitenge cha zamani, rangi inakaribia. Godeberthe amepata wito wa kuhojiwa kuhusu kwenda nchi za mbali, sasa anatembea kama tayari ana koti la baridi.

Mama sasa ananishika begani akienda chooni. Jana alimwita Chantal kwa jina langu, na haikuwa kusahau. Kila Ijumaa anakaa mlangoni tangu asubuhi akisubiri Venuste apite. Venuste akipita mikono mitupu, Mama anamwambia, "Haidhuru, mwanangu," kisha anaingia ndani.

Fanya upesi. Sina la kuandika zaidi ya hilo. Fanya upesi.

Kantengwa


Biharwe
16 Juni 2024

Dada Kantengwa,

Salamu. Nisamehe kukawia, tulikuwa tukimwaga sakafu ya ghorofa ya tatu na Jumapili zote zimekwenda kwenye filamu.

Kazi inaendelea. Mashine nimeiacha, inauma filamu. Sasa nafanya kwa mkono. Nimeweka kipande cha kioo juu ya vitofali viwili, taa ya pikipiki chini yake, karatasi nyeupe katikati. Juu naweka filamu, nailaza kwa kioo kingine kidogo ili isijikunje, halafu lenzi niliyoitoa kwenye mashine, halafu simu. Napiga picha moja. Nasogeza. Napiga nyingine. Kila kipicha ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na vipicha kumi na nane vinafanya sekunde moja ya mtu kutembea. Kizito atavipanga katika kompyuta yake vifuatane. Jumapili moja nikianza baada ya ibada mpaka mwanga uondoke napata vipicha mia mbili, na shingo inakuwa kama si yangu.

Nakueleza nilichoona mpaka sasa, umsomee Mama. Mabati ya kanisa, yanang'aa mpaka picha imekuwa nyeupe. Wanawake wanane wanaimba; mmoja ana mtoto mgongoni. Ng'ombe, wengi, pembe zao zinajaza picha kama miti ya msitu mkavu. Mtu mmoja mrefu wa koti anaondoka na ndama, anatupa mgongo, fimbo ameiweka nyuma ya kiuno na kuipitishia viwiko. Sehemu hiyo ni nzuri, haikuharibika hata kidogo. Ndefu pia, vipicha sabini na viwili. Bahati mbaya ni mgongo tu.

Uso wa Baba bado sijaufikia.

Hujanijibu kuhusu moshi.

Ngoga


Kabazana
4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Neema ya Bwana iwe nawe. Tumevuna. Si vibaya, magunia mawili. Chantal amekuwa wa nne darasani. Godeberthe aliambiwa asubiri, amelivua lile koti.

Barua yako ilikaa kwangu muda mrefu, si kwa kukosa wa kuibeba. Nitakujibu sasa.

Ni mimi niliyeifukiza. Mama hakujua, usimlaumu. Nilipofungua chombo ile harufu ya kuchacha ilinipiga puani, na mimi najua harufu hiyo tangu nikiwa mtoto: maziwa yamelala katika chombo kichafu. Nikasema, Mungu wangu, Baba amechachia humu ndani. Chombo kikichacha unakifanya nini? Unakiosha, unachoma majani yanayonukia, unakigeuza kinywa chini juu ya moshi mpaka uchachu uondoke. Ndivyo alivyonifundisha Mama na ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Kuosha niliogopa, maji yangefuta watu. Nikaiweka juu ya moshi, mara mbili, asubuhi na jioni, nikiigeuza kama mtu anavyogeuza chombo. Na harufu ilipungua kweli. Nilifurahi. Niliimba hata.

Ulipoandika ni ugonjwa wake na kwamba moto unauharakisha, nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa. Mtu hataki kuiandika habari hiyo. Sasa nimeiandika.

Usijiumize na kazi hiyo, Ngoga. Pumzisha shingo yako. Ukipata utaleta, usipopata si kitu.

Dada yako


Biharwe
1 Septemba 2024

Dada Kantengwa,

Salamu kwa wote. Hongera kwa Chantal. Mimi niko hivyo hivyo.

Moshi usikutese. Nimeusoma ukurasa wako na nilitaka kucheka na kulia, kwa sababu hata mimi ningefanya hivyo. Nani angetuambia? Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuona filamu ikichacha.

Lakini naona umeacha kuniharakisha. Mwezi wa tano uliandika upesi mara mbili. Sasa unasema si kitu. Naogopa kuuliza, basi sitauliza. Nitakuambia langu, nawe utaniambia lako ukiweza.

Nilikudanganya mwezi wa sita. Uso wa Baba niliufikia. Niliufikia tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tano, saa nane mchana.

Barua yako ya "fanya upesi" ilinifikia Ijumaa. Jumapili nikarudisha ile taa ya zamani, ile Kizito aliyoikataza. Nikaiwasha, na ukuta wote ukajaa milima yetu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Simu ilikuwa kwenye chaji kando ya kitanda. Nilijiambia, kwanza nitazame mimi, halafu nitarudisha mwanzo nipige video. Nilitaka niwe naye peke yangu kabla hajawa wa simu. Kosa lilianzia hapo.

Wakapita ng'ombe, akapita yule wa mgongo na ndama, wakapita wanawake. Kisha mtu amesimama kando ya ukuta wa kanisa, amevaa koti, anaangalia chini. Kuna aliyemwita, kwa sababu aliinua kichwa. Akatutazama. Akacheka, na juu mbele nikaliona pengo.

Dada, mkono wangu ulisimamisha mashine wenyewe. Nilijua asingekaa zaidi ya sekunde moja, na mimi nimemsubiri miaka ishirini na sita. Nilitaka akae.

Alikaa. Ana masikio makubwa kama yangu, la kulia limesimama zaidi. Paji pana. Jicho moja amelifinya kwa jua. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Nikamwambia, "Baba." Nilisema kwa sauti, jirani yangu aligonga ukuta akidhani namwita. Hapo nikaona doa la kahawia kwenye shavu. Nikadhani ni kivuli. Doa likafunguka, likala mdomo, likala pua, likapanda, na katikati ya uso wake ukatokea mwanga mweupe mtupu wa taa. Nilibonyeza aondoke, ila vitundu vilikuwa vimesinyaa, meno hayakushika. Nikavuta. Vipicha vyote vya kabla na vya baada vya uso ule vikasagika ndani, vikatoka kama makapi.

Kizito alipoona hakunitukana. Alisema tu, "Mimi nilisema inakula." Akanipa kiti.

Kilichobaki ni dakika moja na sekunde kumi, vipande vipande, bila uso. Kizito amevipanga, na Venuste atakapopita anakuja nayo katika simu yake. Ile simu umwombe Jumamosi nzima.

Mimi nimekwisha kusema. Mama umsomee au usimsomee, wewe ndiye uliye karibu naye.

Ngoga


Kabazana
29 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Nitaanza na lile uliloogopa kuuliza. Jicho la kulia lilizimika mwezi wa sita, tarehe kumi na nne, siku mbili kabla hujaniandikia habari za kile kioo chako. Alikuwa anachambua maharage. Akaniuliza kwa nini nimefunga mlango. Mlango ulikuwa wazi.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeinama juu ya kioo kila Jumapili. Nilisema moyoni, nikimwambia ataacha, na kitu kile kitakuwa kimekufa bure.

Barua yako nilitaka kumsomea nusu. Venuste akaharibu, aliingia akisema, "Mama, mutoto wako ameandika mingi leo, karatasi tatu!" Mama akasema nisome zote, na nisiruke, yeye anajua sauti yangu ikiruka. Nilisoma. Nilipofika penye doa la kahawia aliinua mkono, nikanyamaza. Kisha akasema niendelee.

Nilipomaliza aliomba chai, akainywa yote. Halafu akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie Ngoga huyo aliyemwona si baba yake. Mwenye pengo alikuwa Cyiza. Cyiza ndiye aliyepigwa teke na ng'ombe, na ndiye aliyekuwa akicheka mbele ya wazungu. Baba yake hakupenda kutazamwa usoni. Mwambie baba yake ni yule wa ndama. Fimbo nyuma ya kiuno, ndivyo alivyotembea. Mtoto hakuchoma kitu cha baba yake. Mwambie hivyo, na umwambie leo."

Nikamwambia, "Mama, lakini..." Akaniambia, "Kantengwa, mimi ndiye niliyeolewa naye, au ni wewe?"

Basi nimekuandikia.

Jumamosi Venuste alituachia simu. Mama aliishika kwa mikono miwili kama anavyoshika Biblia, kioo kimeelekea kifuani kwake. Ilibidi niigeuze. Akaniambia nimtafutie yule wa ndama na nimweleze. Nikasema, anatembea. Akasema, "Kwa mguu upi kwanza?" Nikarudisha, nikatazama, nikasema wa kushoto. Akaitika kwa kichwa. "Ndama anakataa?" Nikasema anavuta kidogo pembeni. "Ameangalia nyuma?" Nikasema hapana, Mama. "Mrudishe."

Nilimrudisha mpaka moto wa betri ya simu ukaisha. Venuste aliporudi aliuliza, "Mumeona?" Mama akamjibu, "Tumeona."

Kantengwa


Biharwe
13 Oktoba 2024

Dada,

Bwana asifiwe. Ghorofa imekwisha. Jumatatu tunahamia nyingine, wanasema hiyo ni ghorofa tano. Magoti yatajua.

Maneno ya Mama yamenifikia. Mwambie nimeyakubali. Mwambie nilipoyasoma nililala usingizi, na mzigo umeshuka. Mwambie hivyo kwa sauti isiyoruka.

Barua yako ya mwezi wa tatu bado ninayo, ile ya mluzi na ya jino. Niliitoa nikaisoma pole pole, nikaikunja, nikairudisha katika mfuko wa saruji pamoja na mashine. Mama asijue kama uliiandika. Nawe usiniandikie tena juu ya jambo hilo, hata nikikuuliza siku nimechoka.

Video nami ninayo katika simu yangu. Nikitoka kazini, kabla sijanawa mikono, namfungua yule wa ndama. Ni sekunde nne. Anaondoka, namrudisha, anaondoka tena. Na kwetu mdogo wa baba naye ni baba, kwa hiyo nikimwita hivyo simdanganyi mtu.

Namwita. Hageuki.

Mdogo wako,
Ngoga